Barua zenu: mtu mmoja, nafsi zaidi ya moja

*Shikamoo dokta. Naishi na binti wa marehemu dada yangu, ana miaka 19. Kuna siku anaongea kitoto, anajiita jina lingine, ananiuliza mimi ni nani. Kesho yake hakumbuki. Juzi nimekuta tiketi ya basi la Makambako kwenye mkoba wake, naye anaapa hajawahi kufika huko. Kanisani wanasema ni mapepo. (Mama mlezi, Tukuyu)*

Marahaba, mwanangu. Wengine watashangaa jina; mimi imenigusa tiketi. Siku nzima imepotea kichwani mwake. Hiyo ni dalili kubwa ya ugonjwa wa nafsi kugawanyika, ambao Wamarekani hadi 1994 waliuita wa haiba nyingi. Ila kifafa nacho hupoteza kumbukumbu, hata pombe, kwa hiyo kwa barua tu sithubutu kusema ndio. Mpeleke Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, uulizie afya ya akili, na uende na daftari lenye tarehe na saa za matukio.

Kuhusu mapepo, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa 2013 unakiri kwamba kwa baadhi ya jamii nafsi nyingine huja kwa sura ya pepo. Kuombewa sikatazi. Kufungwa kamba, kulazimishwa kufunga kula na kukemewa huku kabanwa mikono, hapo nakataa kabisa.

*Chanzo ni nini? Laana ya ukoo? (Mafinga)*

Si laana. Mara nyingi ni mateso ya utotoni yaliyojirudia: kupigwa, kuingiliwa, kutelekezwa. Mtoto wa miaka 4 hana pa kukimbilia, na pengine anayemtesa ndiye anayemmegea ugali. Atamchukiaje, na kesho ana njaa? Basi akili inaliweka tukio kando, kana kwamba limempata mtoto mwingine. Likirudi tena na tena, huyo "mwingine" anapata kumbukumbu zake, sauti yake, hata umri wake. Kwa wagonjwa wa Marekani, Kanada na Ulaya, takriban 9 kati ya 10 husimulia mateso ya namna hiyo. Wapo wataalamu wanaobisha, wakidai baadhi ya wagonjwa hupandikiziwa kumbukumbu hizo na maswali ya mshauri wao. Wana hoja, ndiyo maana mshauri mzuri halazimishi mtu akumbuke.

*Ndiyo ile skizofrenia? (Uyole)*

Hapana. Ile ni ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo; haigawi nafsi, ingawa sauti kichwani zinaweza kusikika kwa wagonjwa wa aina zote mbili, na hapo ndipo watu huchanganya.

*Kuna sindano yake? (Mwanjelwa)*

Ya kuunganisha nafsi, hakuna. Vidonge husaidia sonona na hofu. Tiba yenyewe ni mazungumzo, tena ya miaka, yakianza na usalama wake kabla ya kugusa yaliyopita. Akitaja kujiua, msimwache peke yake, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Na kama aliyemtesa bado anaishi na watoto wengine, pigeni 116, ni bure.