Monita ya pili haionekani kwenye Linux? Iulize keneli kwanza

Umechomeka monita ya pili na Linux imekaa kimya. Watu wengi hapo hukimbilia mipangilio ya skrini na kubonyeza kila kitu, wakishindwa wanatoka kwenda kununua kebo nyingine. Vyote viwili ni kubahatisha. Dirisha la mipangilio linaonyesha tu kile lilicholetewa kutoka chini. Kama keneli (kiini cha Linux kinachoongea na vifaa) haijui kwamba kuna monita, huko juu hakuna cha kurekebisha. Na kama keneli inaijua vizuri, kebo mpya ni hela ya bure.

Kwa hiyo fungua teminali, uandike hivi:

```
for p in /sys/class/drm/card*-*; do
  echo "$(basename $p): $(cat $p/status), EDID $(cat $p/edid | wc -c)"
done
```

Utapata kitu cha namna hii:

```
card1-eDP-1: connected, EDID 128
card1-HDMI-A-1: disconnected, EDID 0
card1-DP-1: disconnected, EDID 0
```

eDP ni kioo cha laptopu yenyewe (kwenye laptopu za zamani huitwa LVDS). Zinazofuata ni poti za nje. Namba ya mwisho ni ukubwa wa EDID, yaani kitambulisho ambacho monita huipelekea kompyuta: nani kaitengeneza, ni modeli gani, inakubali ukubwa gani wa picha. Kitambulisho hicho ni baiti 128, na monita nyingi za HDMI hutuma 256 au zaidi. Ikiwa 0, hakuna kilichosomwa. Usisumbuke ukiona card1 badala ya card0, siku hizi ni kawaida.

Jibu unalolipata hapo ndilo linaloamua uende wapi.

Poti haimo kabisa kwenye orodha

Umechomeka HDMI lakini hakuna mstari wowote wenye HDMI, au orodha nzima ni tupu. Hili ni suala la draiva (programu inayoendesha kadi ya michoro), kebo haihusiki. Anza na:

```
cat /proc/cmdline
lspci -k | grep -EA3 'VGA|3D|Display'
```

Kwenye amri ya kwanza tafuta neno `nomodeset`. Wengi huliweka siku ya kusakinisha kwa sababu skrini iligoma kuwaka, kisha wanalisahau. Neno hilo linaizuia keneli isiendeshe kadi ya michoro ipasavyo, kwa hiyo unabaki na skrini moja, ukubwa mmoja wa picha, na `xrandr` (amri ya kupanga skrini) inalalamika `Failed to get size of gamma for output default`. Ukiuona ujumbe huo, karibu kila mara draiva halisi haifanyi kazi. Lifute neno hilo kwenye `/etc/default/grub` (mipangilio ya GRUB, programu inayoiwasha Linux), endesha `sudo update-grub`, washa upya. Kwenye Fedora ni `sudo grubby --update-kernel=ALL --remove-args=nomodeset`.

Amri ya pili ikuonyeshe mstari wa `Kernel driver in use` chini ya kila kadi: i915 kwa Intel, amdgpu au radeon kwa AMD, nouveau au nvidia kwa NVIDIA. Kadi isiyo na mstari huo haina mwenye kuiendesha.

Laptopu zenye kadi mbili ndizo zinazowachanganya watu zaidi. Nyingi za michezo ya kompyuta zina kioo kilichounganishwa na Intel au AMD, lakini tundu la HDMI limeunganishwa moja kwa moja na NVIDIA. Ukizima NVIDIA ili kuokoa betri, umezima na tundu hilo. Kwenye Ubuntu angalia kwa `prime-select query`. Ikijibu `intel`, andika `sudo prime-select on-demand` na uwashe upya. Ikiwa draiva ya NVIDIA imesakinishwa lakini poti zake bado hazimo kwenye orodha, soma faili hili:

```
sudo cat /sys/module/nvidia_drm/parameters/modeset
```

Ikisema `N`, ongeza `nvidia-drm.modeset=1` kwenye mstari wa `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT` ndani ya `/etc/default/grub`. Faili lenyewe likiwa halipo, draiva haijapakiwa, na hapo mshukiwa wa kwanza ni Secure Boot (ulinzi unaokataa moduli, yaani vipande vya keneli, zisizo na sahihi): `mokutil --sb-state` itakuambia kama imewashwa, na `sudo modprobe nvidia` itakujibu `Key was rejected by service` ikiwa moduli haina sahihi inayokubalika. Sajili ufunguo wa MOK (ufunguo wako mwenyewe wa kutia sahihi moduli), au zima Secure Boot kwenye BIOS.

Kwa kompyuta ya mezani, geuza boksi uangalie nyuma kabla ya yote. Ukiwa na kadi ya michoro ya kuchomeka, BIOS nyingi huzima matundu ya ubao mama. Monita moja ikiwa kwenye kadi na nyingine kwenye ubao mama, ile ya pili haitaonekana mpaka uwashe kipengele kinachoitwa iGPU Multi-Monitor au jina linalofanana na hilo. Au hamishia zote mbili kwenye kadi, maana ndiyo njia isiyo na usumbufu.

Poti ipo, inasema disconnected

Sasa ndiyo zamu ya waya. Monita nyingi za mtumba zinazoingia Dar na Nairobi zilitoka maofisini, na nyingi zina VGA au DVI, huku laptopu mpya ina HDMI au USB-C tu. Katikati hapo ndipo adapta inapoingia, na adapta ndiyo inayoharibu mambo mara nyingi kuliko kitu kingine chochote.

HDMI ni dijitali, VGA ni analogi. Waya mtupu wenye kichwa cha HDMI upande mmoja na VGA upande wa pili, usio na kiboksi chenye chipu ndani, hauwezi kufanya kazi kwenye laptopu ya kawaida, hata muuzaji aape. Yenye chipu nayo ina mwelekeo mmoja: ya HDMI kwenda VGA haigeuzwi ikawa ya VGA kwenda HDMI. Chipu hiyo inakula umeme kutoka pini ya 18 ya HDMI, volti 5, na kiwango cha HDMI kinailazimisha kompyuta itoe miliampea 55 tu. Adapta ikihitaji zaidi, itawaka na kuzima, au itaonekana leo na kesho isionekane. Kama ina tundu dogo la USB pembeni, hilo si pambo: lipe umeme.

DisplayPort kwenda HDMI adapta rahisi inatosha ikiwa tundu lina alama ya DP++. Kinyume chake, kutoka kompyuta yenye HDMI kwenda monita yenye DisplayPort pekee, lazima adapta yenye chipu, na kwa kawaida huja na mkia wa USB wa kuvuta umeme.

USB-C nayo ina mtego wake. Umbo la tundu halikuambii kama linatoa picha. Tafuta alama ya DisplayPort au ya Thunderbolt pembeni ya tundu, au usome karatasi ya sifa za modeli yako. Kama unatumia doki, andika `lsusb`. Ukiona namba inayoanza na `17e9`, hiyo ni DisplayLink, ambayo hupitisha picha kama data ya USB na inahitaji moduli ya `evdi` pamoja na programu yake. Bila hivyo doki itachaji simu, itasoma flashi, itatoa intaneti, na monita itabaki nyeusi.

Kabla ya kulaumu adapta, fanya mambo mawili. Chagua mwenyewe chanzo cha picha kwa vitufe vya monita, kwa sababu nyingine zikiwa kwenye `Auto` hulala kabla kompyuta haijazisoma. Kisha chomoa waya wa umeme wa monita, subiri kama dakika moja, urudishe. Kuzima kwa kitufe hakutoshi, maana saketi inayotuma EDID huendelea kupata umeme na inaweza kuwa ndiyo iliyoganda. Halafu ilazimishe keneli iangalie tena:

```
echo detect | sudo tee /sys/class/drm/card1-HDMI-A-1/status
```

Weka jina la poti yako. Ikigeuka `connected`, waya ni mzima ila ishara ya kuchomekwa haikufika. Kwenye HDMI ishara hiyo hupita pini ya 19, na kichwa kilicholegea kidogo tu kinatosha kuikata.

Connected, lakini EDID ni 0

Hapa monita inawaka lakini picha ni kubwa na mbaya, na ukubwa wa juu unaoweza kuchagua ni 1024x768. Namba hiyo haitoki kwenye monita. Keneli ikikuta kuna kitu kimechomekwa lakini hakijajitambulisha, hujiwekea orodha ya tahadhari inayoishia 1024x768. Kwa hiyo ukiiona hiyo kwenye monita ya 1920x1080, acha kutafuta draiva.

Kwa VGA, kagua kichwa cha kebo. Kina pini 15 kwa safu tatu za tano tano. Pini ya 9, safu ya kati, kukosekana ni kawaida, kebo nyingi zimetengenezwa hivyo. Zinazobeba EDID ni ya 12 na ya 15, zote safu ya mwisho. Moja ikiwa imekatika, imepinda au haikuwekwa kabisa, rangi zitatoka vizuri kabisa na kitambulisho hakitafika. Kebo nyembamba za bei rahisi hupenda kuziacha. Badilisha kebo.

Kama kebo nyingine haipatikani, unaweza kuandika ukubwa kwa mkono. Watu wengi hunakili amri ya `cvt 1920 1080 60` na kuishia kwenye skrini nyeusi, na sababu iko kwenye tarakimu ya kwanza inayotoka: 173.00. Hiyo ni megahezi za saa ya pikseli, na adapta nyingi pamoja na DVI ya kawaida zina kikomo cha 165. Tumia `cvt -r 1920 1080 60`, inayopunguza nafasi tupu pembeni mwa picha na kushusha saa hadi 138.50:

```
xrandr --newmode "1920x1080R" 138.50 1920 1968 2000 2080 1080 1083 1088 1111 +hsync -vsync
xrandr --addmode HDMI-1 "1920x1080R"
xrandr --output HDMI-1 --mode "1920x1080R" --right-of eDP-1
```

Usinakili jina `HDMI-1` bila kuangalia. Keneli huita HDMI-A-1, Xorg (programu ya zamani inayochora skrini) yenye draiva ya modesetting huita HDMI-1, ile ya zamani ya Intel huita HDMI1, na ya amdgpu huanza kuhesabu na sifuri: HDMI-A-0. Andika `xrandr` peke yake kwanza usome majina yako.

Na kabla ya hapo, andika `echo $XDG_SESSION_TYPE`. Ikijibu `wayland` (mrithi wa Xorg), amri hizi tatu hazitafanya lolote, kwa sababu `xrandr` hapo inaongea na Xorg ya kuigiza. Kwa Wayland peleka ombi kwa keneli yenyewe, kwenye mstari wa `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT`, kwa jina la keneli:

```
video=HDMI-A-1:1920x1080MR@60e
```

M inaagiza vipimo vya CVT, R ni ile nafasi iliyopunguzwa, na e inalazimisha poti iwake hata kama inadai hakuna kitu. Njia hii inafaa Xorg pia, na ndiyo ninayoipendelea kwa sababu haipotei ukitoka kwenye akaunti. Mistari ya `xrandr` hupotea kila ukitoka, isipokuwa umeiweka kwenye `~/.xprofile`.

Connected, EDID ipo, na bado hakuna picha

Basi vifaa vimemaliza kazi yao. Bonyeza Super+P (Super ni kitufe chenye alama ya Windows) uhakikishe hujabaki kwenye skrini moja. Kwenye GNOME, faili la `~/.config/monitors.xml` hukumbuka mipangilio ya monita zote ulizowahi kuunganisha, na likivurugika huzima monita mpya kimyakimya. Libadilishe jina badala ya kulifuta, toka, ingia tena. Kwenye KDE, `kscreen-doctor -o` inaorodhesha kila poti na kama imewashwa. Sway ina `swaymsg -t get_outputs`.

Kwenye Xorg soma kosa linalotoka. `Configure crtc 1 failed` maana yake ukubwa au kasi uliyoomba imekataliwa, jaribu 1280x720 kwanza, kisha uongeze. `cannot find crtc for output` ni hadithi nyingine: kadi imeishiwa crtc, yaani nafasi za kuendesha skrini. Intel ya kizazi cha Sandy Bridge, ile ya ThinkPad T420 na X220 ambazo bado zinauzwa sana mtumba, inaendesha skrini mbili tu kwa wakati mmoja, hata doki yake iwe na matundu manne. Ukitaka monita mbili za nje, zima kioo cha laptopu kwanza:

```
xrandr --output LVDS-1 --off
xrandr --output HDMI-2 --auto
xrandr --output VGA-1 --auto --right-of HDMI-2
```

Kizazi kilichofuata, Ivy Bridge cha T430 na X230, kinafika skrini tatu.