Metronomu ya simu na mazoezi ya udi

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini mlio wa metronomu ya simu, yaani programu ya kuhesabia mapigo ya muziki kwa mlio na taa inayomweka, huchelewa nyuma ya taa yake unapofanya mazoezi ya udi, ile ala ya nyuzi. Sababu kubwa ni hivyo visikilizio vyako vya Bluetooth, visivyo na waya, kwani sauti hufungwa, hurushwa, kisha hufunguliwa kabla ya kufika sikioni, na huko njiani hupotea sehemu ya sekunde. Tumia vya waya au spika ya simu yenyewe, na ufuate sikio badala ya taa. Kwa samai, mdundo wa muziki wa Kiarabu ambao una mapigo 10, usiiache programu katika mapigo 4 iliyojiwekea, bali weka 10 na utie mkazo kwenye pigo la 1, la 4, la 6 na la 8, maana hesabu yake huenda 3, 2, 2 na 3. Anza na mapigo 60 kwa dakika, mpaka kipigio kiguse uzi wa udi sawasawa na mlio hata mlio wenyewe umezwe usisikike, ndipo uongeze mapigo 4 au 5 kwa dakika. Taksimu, yaani upigaji wa kubuni papo hapo, hata hivyo, nakuomba sana uipige bila metronomu, kwa sababu haina mapigo ya kuhesabiwa.