Sifuri zilizopotea na faili la "mwisho kabisa"

SWALI: Habari mtaalamu. Mimi ni karani wa takwimu kwenye utafiti wa kaya. Nilifungua faili letu la CSV kwa Excel, nikasevu, kumbe namba zote za simu zimepoteza sifuri ya mbele. Nikitafuta nakala ya zamani nakutana na data_mwisho, data_mwisho2 na data_mwisho_kabisa. Nifanyeje?

JIBU: Sifuri zisikunyime usingizi. Namba ya simu ya Tanzania ina tarakimu 10, kwa hiyo yenye 9 unairudishia 0 yake kwa fomula ="0"&A2, basi.

Cha kuogopa ni safu ya namba za NIDA, yaani za kitambulisho cha taifa. Zina tarakimu 20, na Excel ikidhani ni hesabu hushika 15 tu. Tano za nyuma huzigeuza sifuri. Ukishasevu, hakuna fomula ya kuzirudisha. CSV ni maandishi matupu, haisemi hii ni simu na ile ni tarehe, hivyo Excel hubahatisha. Wanasayansi wa jeni wamesumbuka nayo hadi jeni SEPT1 ikabadilishwa jina kuwa SEPTIN1, kwa sababu Excel iliisoma kama tarehe 1 Septemba.

Kwa hiyo usihangaike kukarabati faili lililoharibika, rudi kwenye chanzo. Kama mlikusanya kwa programu za dodoso kama KoboToolbox au ODK na hamjafuta kitu, data iko kwenye seva. Pakua faili upya, weka kwenye folda iitwayo ghafi, na kabla hujaligusa lipe alama ya kusomwa tu. Hilo halihaririwi na yeyote, hata bosi. Kazi zote zifanyike kwenye nakala, nayo usiifungue kwa kubofya mara mbili: fungua Excel tupu, ingia menyu ya Data, chagua From Text/CSV, kisha safu za simu na NIDA uzitangaze kuwa Text.

Neno "mwisho" lipige marufuku ofisini. Andika kaya_2025-03-14_v02.csv, mwaka ukitangulia, kompyuta hupanga mafaili kwa tarehe yenyewe. Pembeni weka mabadiliko.txt lenye mstari mmoja kwa kila toleo: nani, lini, kabadili nini, kwa nini. Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko, ni nzuri zaidi kama mnasafisha data kwa lugha za programu kama R au Python, lakini kwa timu ya Excel naona daftari hilo linatosha.

Mwisho, Google Drive iliyounganishwa na laptop usiihesabu kuwa akiba. Ukifuta huku, na kule kunafutika. Ukiharibu huku, uharibifu unapanda nao. Weka nakala nyingine kwenye diski ya nje isiyochomekwa muda wote, ikae jengo tofauti, na iwe na nywila maana imebeba namba za NIDA za watu. Kila mwezi fungua faili moja kutoka humo uhesabu mistari. Niliwahi kutunza diski miaka miwili; siku ya shida nikakuta folda tupu.