Kabla hujalipia gesi ya AC, fungua boksi la fyuzi

Juzi usiku dada mmoja wa Kaliua kaniandikia: "Kaka, AC ya gari langu imekata ghafla, haipulizi kabisa hata nikiweka namba nne. Fundi anasema gesi imeisha, anataka shilingi 80,000. Nimpe?"

Ujumbe ule nimeusoma mara tatu. Ndiyo maneno niliyoambiwa mimi, Oktoba ya mwaka juzi, hapahapa Tabora, na mpaka leo yananiuma.

Oktoba yetu mnaijua. Jua la utosi, mvua haijaanza, vumbi kila mahali. Nilikuwa namleta mama kutoka Urambo, kilomita kama 90, aje kliniki ya presha. Katikati ya safari feni ikanyamaza. Si kwamba upepo uligeuka moto. Upepo haukuwepo kabisa. Nikashusha vioo. Mama akajifunika khanga usoni, hakulalamika hata neno moja, lakini kila nikitupa jicho kwenye kioo naona jasho linamchuruzika shingoni. Mtu mzima, mgonjwa, ndani ya gari la mwanawe.

Kesho yake nikaenda gereji. Fundi hata boneti hakuinua, akasema gesi. Nikalipa 80,000, akajaza, feni kimya. Basi ni mota ya feni, akasema, iagizwe Dar, 250,000. Nikatoa nusu.

Mota ikawa inasubiriwa. Siku moja mjomba, aliyeendesha malori miaka mingi, alipita kumjulia hali mama. Nikamsimulia. Akauliza swali moja tu: "Fyuzi mmeangalia?" Sikuwa na jibu. Akainama chini ya usukani, akachomoa kidude cha kijani kilichoandikwa 30, akakiinua juani. Kiwaya cha ndani kilikuwa kimekatika katikati, na plastiki imeingia weusi kama kichwa cha kiberiti kilichowaka. Fyuzi mpya dukani ilikuwa shilingi 1,000. Nilipowasha, upepo ukanipiga usoni, nikabaki nimeshika usukani tu.

Ndugu zangu, gesi inapoza, haipulizi. Upepo unaletwa na feni, na feni inakula umeme. Gari lisipotoa upepo hata kidogo, mtu akikutajia gesi, chukua ufunguo wako uondoke. Upepo ukiwepo ila ni wa moto, hapo tazama fyuzi ya klachi ya kompresa (klachi ndiyo inayoiunganisha pampu ya gesi na injini), mara nyingi ndogo nyekundu ya 10, kisha ndiyo tuongee habari za gesi.

Kazi yenyewe ni ya dakika kumi. Zima gari, chomoa ufunguo. Maboksi kwa kawaida ni mawili: moja ndani chini ya dashibodi upande wa dereva, jingine kwenye boneti karibu na betri. Mfuniko una mchoro. Tafuta A/C, HTR, HEATER au BLOWER. Ndani ya mfuniko mara nyingi mna kibanio cha plastiki cha kuchomolea. Inua fyuzi kwenye mwanga. Kiwaya kikiwa kizima, irudishe palepale. Kikiwa kimekatika, weka nyingine ya namba ileile. Namba ileile! Nimeona watu wazima wanaweka ya 40 mahali pa 30, au wanazungushia karatasi ya fedha ya sigara. Fyuzi inakatika ili waya zako zisiungue. Ukiidanganya, kitakachowaka ni waya za ndani ya dashibodi, na wewe umo na watoto.

Na fyuzi haiungui bila sababu, hili mjomba alinirudishia mara nyingi. Yangu ilikata tena baada ya siku tatu. Gari langu linalala chini ya mwembe, kama magari mengi ya mji huu. Tulipotoa droo ya mbele ya abiria na kuifungua feni, tukakuta majani makavu yameshindiliwa mpaka mapanga hayazunguki vizuri. Mota ikikwama inavuta umeme mwingi, fyuzi inakata. Chujio la hewa la ndani lilishatolewa zamani, sijui na nani. Tukasafisha, tukaweka chujio jipya, na ile fyuzi ya tatu ndiyo iliyomo hadi leo. Nusu ya hela ya mota sikurudishiwa.

Dada wa Kaliua, usimpe mtu hela. Kesho asubuhi, kabla jua halijakolea, fungua lile boksi la chini ya usukani, upige picha mfuniko upande wa ndani, unitumie. Na uniambie gari linalala chini ya mti gani.