Swali Kwanza, Kamera Baadaye: Kutengeneza Dokumentari na Watoto wa Shule ya Msingi

Walimu wanaotaka wanafunzi wao watengeneze dokumentari fupi kuhusu jamii inayowazunguka huniuliza kwanza habari za vifaa. Simu gani inafaa? Kipaza sauti kipi? Programu ipi ya kuhariri ni rahisi kwa watoto? Ni maswali ya haki na nitayagusa hapa chini. Lakini kwa muda wote niliosimamia klabu ya filamu ya watoto wa darasa la nne hadi la saba, sijaona kazi iliyoharibika kwa sababu simu ilikuwa duni. Zinazoharibika ni zile ambazo watoto walitoka kwenda kurekodi bila kuwa na jambo wanalotaka kulijua.

Mpe mtoto mada kama "jamii yetu" uone atakachofanya. Atasimama wima mbele ya kamera na kukariri insha: jamii yetu ina umoja, watu wake ni wakarimu, tunaomba wahusika watusaidie. Hakuna anayesikiliza, hata yeye mwenyewe hajisikilizi. Mada ni pana mno, na mtoto akikosa pa kushika hukimbilia maneno ya watu wazima.

Mimi huwaambia wachague mtu mmoja, mahali pamoja au kitu kimoja wanachokipita kila siku, kisha waandike swali ambalo wao wenyewe hawajui jibu lake. Mlinzi wa usiku hufanya nini saa tisa usiku ili asisinzie? Kabla ya daraja la waenda kwa miguu kujengwa, watu walivukaje? Nani hufagia stendi, na huanza saa ngapi? Fundi baiskeli alifundishwa na nani? Maswali kama haya ni madogo, yana majibu, na majibu yako kwa mtu anayefikika kwa miguu.

Swali nalipima kwa njia mbili. Kwanza, mtoto akiweza kulijibu akiwa amekaa darasani, tunalitupa. Pili, nauliza tutapiga picha ya nini. "Umuhimu wa usafi" hauna picha. Mikono ya mtu anayetenganisha chupa za plastiki na vyuma chakavu ina picha, tena nzuri sana. Usiharakishe hatua hii. Ikibidi, wiki nzima iishie kwenye kutafuta swali bila simu hata moja kutolewa mfukoni.

Vikundi vya watoto wanne vimenifaa kuliko vikubwa: mmoja anahoji, mmoja anapiga picha, mmoja anasikiliza sauti kwa visikilizio, na mmoja anaandika kumbukumbu, yaani nani amehojiwa, wapi, ametoa ruhusa gani, na kipande kipi kimetoka vizuri. Majukumu yabadilishwe kila siku ya kurekodi, la sivyo mtoto mwenye sauti kubwa atakuwa mhoji daima. Yule mkimya wa nyuma mpe visikilizio mapema. Mara nyingi ndiye atakayekuwa wa kwanza kuinua mkono kusema kuna upepo unaoharibu sauti, na wenzake wataanza kumtegemea.

Kabla ya filamu yenyewe kuna zoezi ambalo siliruki kamwe. Ndugu wawili wa Ufaransa, Auguste na Louis Lumière, walipoonyesha filamu zao kwa watazamaji waliolipa kiingilio mjini Paris mwezi Desemba 1895, kila filamu ilidumu chini ya dakika moja, kwani utepe wenyewe uliishia hapo. Kamera ilisimama mahali pamoja, na filamu nzima ilikuwa kipande kimoja kisichokatwa. Wape watoto sharti hilohilo. Waweke simu juu ya kitu imara, wachague upande wa kutazama, wakae kimya wakiangalia kwanza bila kurekodi, halafu warekodi sekunde 50 bila kuigusa. Mnaporudi na kutazama pamoja, wataona mambo ambayo maelezo yako yasingewaonyesha: mtu anaingia kutoka pembeni mwa picha na kutoka upande wa pili, kivuli kinasogea, jambo linatokea nyuma ambalo hakuna aliyelipanga. Wakishajua kwamba ukingoja kitu kitatokea, wanaacha tabia ya kuzungushazungusha simu kutafuta la kuonyesha.

Sasa mahojiano, na hapa nataka tukae kidogo, maana ndiyo roho ya kazi.

Mtoto mwenye karatasi ya maswali kumi hasikilizi. Macho yake yako kwenye swali linalofuata. Anauliza, "Ulianza kazi hii lini?" Mzee anajibu, "Nilianza baada ya yale mafuriko." Mtoto anaendelea, "Je, unaipenda kazi yako?" Mafuriko yamepita hivyohivyo, na pamoja nayo pengine sehemu bora ya filamu. Ndiyo maana darasani tunafanya mazoezi ya swali la pili. Watoto wanakaa wawiliwawili, mmoja anauliza swali lolote, na swali linalofuata lazima litokane na neno lililo ndani ya jibu alilopewa. Mafuriko gani? Ulikuwa wapi siku hiyo? Ulifanya nini kwanza? Mwanzoni hukwama. Baadaye huwa mchezo wanaoupenda, na utawasikia wakiucheza hata wakati wa mapumziko. Siku ya kurekodi mhoji anakwenda na maswali matatu tu kichwani, na mengine anayatoa kwenye majibu.

Kuna pia ujuzi wa kunyamaza. Mtu akimaliza kujibu, mhoji ahesabu moja hadi tano moyoni kabla ya kusema chochote. Watu wengi hawapendi ukimya huo, na wakiongeza neno huwa ndilo walilokuwa wakilificha au walilokuwa wamelisahau. Kwa mtoto wa miaka kumi kuhesabu hadi tano mbele ya mtu mzima ni kazi ngumu kweli, kwa hiyo mfanyishe mazoezi na wewe mwenyewe ukiwa mhojiwa.

Maswali yaanze na "nieleze", "ilikuwaje", "kwa nini", si yale yanayojibiwa kwa ndiyo au hapana. Na kwa kuwa sauti ya mhoji huenda ikakatwa wakati wa kuhariri, mhojiwa aombwe kwa upole aingize swali ndani ya jibu lake: badala ya "mwaka 1987", aseme "nilihamia hapa mwaka 1987".

Jambo moja la kimo ambalo watu wazima hulisahau: mtoto akishika simu amesimama mbele ya mtu mzima aliyesimama, picha inampiga mhojiwa kutoka chini, pua na kidevu vinatawala. Wote wakae. Simu iwe kwenye usawa wa macho ya mhojiwa, karibu na bega la mtoto anayeuliza, na mhojiwa aongee na mtoto, asiangalie simu. Mazungumzo yanakuwa mazungumzo, na uso wa mtu mzima anayemweleza mtoto jambo hulainika kwa namna ambayo mwandishi wa habari mkubwa haipati kwa urahisi. Hii ni faida ambayo watoto wanayo na sisi hatuna.

Sauti ni muhimu kuliko picha. Mtazamaji huvumilia picha inayotikisika, lakini asiposikia maneno huacha kutazama. Mahali pa wazi, ukizidisha umbali kati ya mdomo na kipaza sauti mara mbili, nguvu ya sauti inayofika hubaki robo tu. Simu iliyo mita mbili mbali hunasa magari vizuri kuliko bibi anayezungumza. Kama hamna kipaza sauti cha kubana kwenye nguo, tumieni simu ya pili kama kinasa sauti: iwekeni mfukoni mwa shati la mhojiwa au mezani karibu naye, nje ya picha. Simu zote mbili zikishaanza kurekodi, mtoto apige kofi moja mbele ya kamera; mlio huo ndio utakaowasaidia kupatanisha sauti na picha baadaye. Rekodini sekunde kumi, msikilize, ndipo muendelee. Na kabla ya kuondoka, kila mtu anyamaze kwa sekunde 30 huku mkirekodi sauti ya mahali penyewe. Ukikata maneno wakati wa kuhariri, mwanya usiojazwa na sauti hiyo husikika kama shimo.

Kuhusu picha nitasema machache. Simu ilazwe kwa ubavu, isisimamishwe. Mwanga uwe mbele ya mhojiwa, si nyuma yake. Kwenye mipangilio ya ubora wa video tumieni 1080p, msihangaike na 4K, kwa sababu 4K ina nukta za picha mara nne ya hizo na itajaza simu kabla ya saa sita mchana. Wekeni simu kwenye hali ya ndegeni ili isije ikaita katikati ya jibu zuri. Kisha, baada ya kila mahojiano, mpiga picha abaki arekodi mikono, vyombo, mlango, viatu, njia, kila kimoja kwa sekunde kumi bila kusogea. Bila vipande hivyo hamtakuwa na kitu cha kufunikia mlipokata maneno.

Ruhusa si karatasi ya kutimiza utaratibu tu. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa, uliopitishwa mwaka 1989, unasema katika kifungu cha 13 kwamba mtoto ana haki ya kujieleza kwa njia yoyote anayoichagua, na katika kifungu cha 16 kwamba maisha yake ya faragha yasiingiliwe kiholela wala kinyume cha sheria. Nawasomea wanafunzi vifungu vyote viwili, kwa lugha yao, kwa sababu siku hiyo wao ndio wenye kushika kamera, na mtu aliye mbele yao naye ana faragha yake. Wazazi wa watoto wanaoshiriki waandike ruhusa, na waseme kama filamu inaweza kwenda intaneti au ibaki shuleni. Mhojiwa aulizwe kabla ya kurekodi na aulizwe tena baada ya kumaliza, maana mara nyingi ndipo anapojua amesema nini. Akisema sehemu fulani iondolewe, iondolewe bila mjadala. Majina kamili ya watoto, nembo za sare na namba za nyumba visionekane.

Litakuja pia swali la kuigiza. Fundi amemaliza kazi mliyokuja kuirekodi. Je, mumwombe arudie? Huwasimulia watoto habari ya Robert Flaherty, aliyepiga filamu maarufu ya maisha ya Wainuiti, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Kanada, iliyotoka mwaka 1922. Nyumba ya barafu ilikuwa na giza mno kwa kamera yake, basi ikajengwa nyingine iliyoachwa wazi upande mmoja, na familia ikaonekana ikilala na kuamka humo kana kwamba ndiyo nyumba yao. Naacha wabishane. Wengine husema alidanganya, wengine husema angefanyaje na mwanga haukuwapo. Kila mwaka klabu huishia kutunga kanuni yake, na mara nyingi inafanana na hii: mtu anaweza kuombwa arudie anachokifanya kila siku, lakini asiombwe kufanya au kusema kisicho chake. Kanuni waliyoitunga wenyewe wanaifuata kuliko yoyote ambayo ningewapa.

Nanyi walimu na wazazi, msishike simu. Najua mkono unavyowasha pale mtoto anapoacha kichwa cha mtu kikatwe na ukingo wa picha. Mwulize, "Unaona nini kwenye pembe ya juu?" kisha ngoja. Msiwaandikie pia maneno ya msimulizi. Mtu anayetazama hugundua papo hapo sentensi ya mwalimu ikitoka kinywani mwa mtoto, na kuanzia hapo haamini tena kinachofuata. Filamu yenye dosari ambayo ni ya watoto kweli naithamini kuliko iliyong'arishwa na mtu mzima, na waliohojiwa huithamini vivyo hivyo.

Kuhariri kuanzie sakafuni. Kila kipande kizuri kiandikwe kwenye kadi: nani, anasema nini, sekunde ngapi. Watoto wapange kadi, wapangue, wabishane ipi ifungue na ipi ifuate. Kwa filamu ya dakika tatu kadi nyingi zitabaki nje, na kuziacha ni somo lenyewe. Mtoto akisoma kwa utulivu, maneno kama mia moja hujaza dakika nzima, hivyo msimulizi asipewe zaidi ya sentensi chache; mhojiwa ndiye aseme. Baada ya hapo programu yoyote inayoweza kukata, kupanga na kuweka sauti mbili pamoja inatosha. Muziki, kama mnauhitaji, watoto wenyewe waimbe au wapige. Mkichukua wa leseni ya Creative Commons, yaani leseni ambayo mtunzi huwaruhusu wengine kutumia kazi yake kwa masharti, tajeni mtunzi, na epukeni leseni zenye alama ya ND (kazi isibadilishwe), kwa sababu haziruhusu kutumia wimbo ndani ya filamu.

Onyesho la kwanza liwe kwa waliohojiwa peke yao, kabla ya shule nzima, ili wapate nafasi ya kusema hapana. Rekodi kamili za mahojiano msizifute kupisha nafasi kwenye simu. Ziwekeni sehemu mbili tofauti, kila faili ikiwa na jina la mhojiwa, tarehe, mahali na ruhusa aliyotoa, na mhojiwa apewe nakala ya mazungumzo yote, hata yale ambayo hayakuingia kwenye filamu.