Mombasa hadi Malindi: msiikimbize gari

Dada, umeuliza kama siku tatu zinawatosha ninyi wanne kutoka Mombasa hadi Malindi kwa gari bila kuchoka. Zinatosha na kubaki. Ni kilomita kama 120 tu. Kinachochosha ni foleni ya Mtwapa. Tokeni alfajiri, mahamri na mbaazi mkalie Kilifi, mkitazama mkono wa bahari chini ya daraja.

Usiku wa kwanza laleni hapo Kilifi, wa pili Watamu. Watamu ndiko pa kukaa. Waulizeni wavuvi maji yanakupwa saa ngapi: yakikupwa mnatembea juu ya mafungu ya mchanga, yakijaa mnaogelea. Magofu ya Gede, mji wa kale wa Waswahili, ni jirani, na mimi ningeyaendea asubuhi kabla ya joto. Jioni iachieni mikoko ya Mida, mkono wa bahari ulio karibu na Watamu.

Malindi pitieni mchana, mle samaki, mgeuze (Wamalindi wanisamehe). Mwezi wa tano uepukeni, ni mvua za masika. Na pesa za mafuta zichangwe kabla hamjaondoka. Sisi tulinuniana njia nzima kwa sababu ya shilingi mia tano.