Maswali ya Wasomaji: Kilomita Ngapi Zinatosha kwa Chaji Moja?

Barua za mara hii zimetoka kwa madereva wa magari ya umeme wa rika mbalimbali, wa kwanza ana miaka 19 na mzee wao ana 71. Karibu wote wanauliza masafa. Hesabu zetu zinatumia kWh kwa kila kilomita 100, na kWh 1 ni yuniti moja ile ile inayosomwa kwenye mita ya umeme. Gari dogo hula kWh 13 hadi 15, la familia 16 hadi 19, na yale marefu mapana hupita 20 kwa urahisi.

SWALI: Shikamooni. Nina miaka 19. Nyumbani tuna gari moja la umeme na madereva watatu: babu, mama na mimi. Msimu wa baridi, babu akilitumia siku nzima dashibodi huonyesha kilomita chache kuliko nikilitumia mimi, ingawa yeye huenda taratibu na mimi ndiye ninayelaumiwa kwa kukanyaga. Je, betri imeanza kuharibika?

JIBU: Marahaba. Betri ni nzima, na babu yako hana kosa. Kinachokula umeme wake ni hita pamoja na ufupi wa safari.

Chukua safari ya kilomita 4. Kuvuta gari peke yake kunahitaji kama kWh 0.6. Lakini kibanda cha abiria kilichopoa kikiwashiwa hita ya waya, hita hiyo huvuta kilowati 4 au zaidi mwanzoni. Ndani ya dakika 10 imeshakula kWh 0.6 nyingine. Jumla ni kWh 1.2 kwa kilomita 4, sawa na 30 kwa kilomita 100. Akisimama saa mbili, joto lote limepotea, na safari ya pili inaanza upya. Wewe ukienda kilomita 50 mfululizo, gharama ya kupasha kibanda inagawanywa kwa kilomita nyingi, na kibanda kikishapata joto hita hushuka hadi kilowati 1 au 2 tu.

Kukanyaga kwako kuna madhara madogo kuliko wanavyodhani nyumbani. Gari la kilo 1,800 likifika kilomita 60 kwa saa limebeba nishati ya kWh 0.07, na ukipunguza mwendo mapema mota hugeuka jenereta na kurudisha zaidi ya nusu yake kwenye betri. Hasara kubwa ipo kwenye mwendo wa juu unaoushikilia kwa muda mrefu (soma barua ya mwisho), pamoja na tairi, ambazo hazirudishi kitu.

Dawa ya babu ni kulipasha gari likiwa bado kwenye plagi, dakika 15 hadi 20 kabla ya kutoka. Magari mengi yana ratiba ya kuondoka: unaweka saa, gari linajiwasha lenyewe na umeme unatoka ukutani. Halafu awashe joto la kiti na la usukani. Kiti hutumia wati 50 hadi 100 tu, na mwili unasikia joto mara moja. Asizime hita kabisa kwa ajili ya kubana matumizi, maana kioo kikiingia ukungu hiyo si akiba tena.

Ile namba ya kilomita nayo msiiamini kupita kiasi. Kompyuta hukadiria kwa kutazama ulaji wa safari zilizopita, kwa hiyo kila dereva anamrithisha mwenzake makadirio yake. Wekeni dashibodi ionyeshe asilimia, ugomvi utapungua.

SWALI: Nina miaka 23, nimepanga chumba, sina pa kuchajia nyumbani. Natembea kilomita 38 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Nimepata gari lililotumika ambalo lilipokuwa jipya lilikuwa na betri ya kWh 24, na jingine la kWh 40. Lipi linanitosha, na nitajuaje hali ya betri?

JIBU: Kilomita 38 hata betri ndogo inazimudu. Tatizo lako ni kwamba huna plagi, na hilo linabadilisha swali: usiulize unahitaji kilomita ngapi kwa siku, uliza utavumilia kwenda kituoni mara ngapi kwa wiki.

Wiki yako ni kilomita 228. Kwa ulaji wa 16 ni kWh 36 na ushei. Baridi ikiingia na ulaji ukafika 20, ni karibu 46. Betri ya kWh 40 huwa na kama 37 zinazotumika ikiwa mpya. Kwenye chaja ya kasi utafanya kazi kati ya asilimia 10 na 80, kwa sababu baada ya 80 chaja hupunguza nguvu sana ili isizidishie seli volti, na unabaki umesimama pale bure. Asilimia 70 ya 37 ni kWh 26, yaani kilomita 160 hivi. Kwa hiyo betri ikiwa na afya ni kituoni mara mbili kwa wiki kwenye baridi, na pungufu ya hapo nyakati nyingine.

Lile la kWh 24 linahitaji jicho kali. Kama ni Nissan Leaf za mwanzo, tazama vistari 12 vya afya ya betri pembeni ya kipimo cha chaji. Kistari cha kwanza hutoweka uwezo ukishuka kwa takriban asilimia 15, na vikibaki 8 betri imebakiwa na kama theluthi mbili. Hapo utapata kama kWh 14, yaani kilomita 80 na akiba kidogo. Utakuwa kituoni kila baada ya siku mbili. Kwa mtu asiye na plagi, sisi tusingelichukua. Isitoshe, betri za Leaf za vizazi viwili vya kwanza hazina mfumo wa kupoza kwa maji, hivyo ukizichaji kwa kasi mara kwa mara zinapata moto na gari lenyewe linapunguza nguvu ya chaji. Kagua pia tundu la kuchajia: Leaf nyingi zina tundu la kasi la aina ya CHAdeMO, na vituo vipya vingi hufunga plagi za aina nyingine, CCS. Nenda kwenye vituo utakavyovitumia ukaone plagi zilizopo kabla hujatoa hela.

Kupima betri, fanya hivi. Chaji ifike angalau asilimia 90, sifurisha kihesabu safari, kisha endesha mpaka utumie nusu ya chaji au zaidi. Usisimame gari likiwa limewashwa na kiyoyozi kinanguruma, kwa kuwa baadhi ya magari hayahesabu vizuri umeme huo. Mfano: umekwenda kilomita 110 kwa wastani wa 15.8, hiyo ni kWh 17.4. Chaji imeshuka kutoka 96 hadi 41, yaani asilimia 55. Gawanya 17.4 kwa 0.55, unapata kWh 31.6. Kwa gari lililoanza na 37, afya yake ni asilimia 85. Wengi hukosea kwa kupima kilomita 15 tu. Asilimia 6 au 7 zilizoshuka hazitoshi, kwa kuwa kosa la asilimia moja kwenye kioo linavuruga jibu lote. Kifaa cha OBD (kinachochomekwa kwenye gari kusoma kompyuta yake) na programu ya simu kitakupa namba ya afya pia, lakini muuzaji mjanja anaweza kuifuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri na vistari vikarudi kwa muda. Safari ya majaribio haidanganyiki kirahisi hivyo.

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wawili, miaka 41. Shule, kazini, sokoni, mazoezi ya mpira: jumla kilomita 70 kwa siku. Mume wangu anasisitiza gari la kilomita 500 kwa sababu mara mbili kwa mwaka tunasafiri kilomita 420 na mizigo. Tuna soketi ya kawaida barazani.

JIBU: Dada, kwa siku za kawaida hiyo soketi inakutosheleza. Volti 230 kwa ampea 10 ni kilowati 2.3, kwa saa 9 za usiku ni karibu kWh 21, na ukitoa upotevu wa asilimia 10 hadi 15, kWh 18 zinaingia kwenye betri. Hizo ni kilomita 100 kwa gari la familia. Sharti moja: fundi aikague soketi na waya wake. Soketi ya nyumbani haikutengenezwa kubeba ampea 10 usiku kucha. Ikilegea ndani hupata moto na kuyeyuka. Baada ya saa moja ya kuchaji, iguse plagi. Ikiwa ya moto kiasi cha kukufanya uondoe mkono, zima. Na usitumie kebo ya kurefusha iliyozungushwa kwenye roda.

Sasa safari ya kilomita 420. Tuseme betri ina kWh 58 zinazotumika na mnakwenda kilomita 110 kwa saa, ulaji 21. Mkitoka na asilimia 100 hadi 10, mmekwenda kama kilomita 248, saa mbili na robo hivi, muda ambao watoto wa nyuma wameshaanza kuulizia choo. Chajini kutoka 10 hadi 80, mnapata kilomita 193 nyingine. Mmefika, kituo kimoja tu.

Mkifunga boksi la mizigo juu ya keria, ulaji unaweza kupanda hadi 25. Hatua ya kwanza inakuwa kilomita 208, ya pili 162, jumla 370, na kituo cha pili hakiepukiki. Kwa hiyo mzee wa nyumba badala ya kununua betri kubwa anunue gari lenye buti kubwa. Baiskeli zifungwe nyuma, zisikae juu. Na keria ivuliwe mkirudi. Hata tupu inakula umeme mwaka mzima.

SWALI: Nina miaka 71, nimestaafu. Naendesha mara nne kwa wiki, kilomita 10 hivi, na mara nyingine tunasafiri mwezi mzima gari likibaki nyumbani. Mke wangu anahofia tutalikuta limekufa. Pia kebo ya kuchajia ni nzito kwa mikono yangu.

JIBU: Shikamoo mzee. Kilomita 40 kwa wiki ni kWh 8, na hata kwa ulaji wa baridi ni 12. Betri ya kWh 30 inakuvusha wiki mbili na kubakisha. Atakayekushawishi uchukue ya kWh 80 anakubebesha uzito usioutumia.

Mkiondoka kwa mwezi, liacheni kwenye asilimia 50 hadi 60, kivulini ikiwezekana. Betri iliyojaa ikakaa kwenye joto huzeeka haraka, na iliyo karibu na sifuri inaweza kushuka chini ya kiwango salama. Gari lililolala kweli hupoteza asilimia chache tu kwa mwezi. Linalolimaliza ni kuamshwa: kamera za ulinzi zinazobaki macho zinaweza kula kWh 5 au 6 kwa siku, na simu inayofungua programu kila saa kutazama chaji nayo hulikatiza usingizi. Zima kamera, acha kuchungulia.

Hofu ya mama ina msingi, ila si kwenye betri kubwa. Kinachoua gari lililosimama ni betri ndogo ya volti 12. Ikiisha, swichi kuu za betri kubwa hazifungi, milango inaweza kugoma, na gari halitawaka hata kama lina asilimia 80. Ikiwa na miaka minne au mitano, ipimwe: gari likiwa limepumzika, volti 12.4 na kuendelea ni nzuri, chini ya 12 ibadilishwe. Jifunzeni pia ufunguo wa chuma unakoingia.

Kuhusu kebo: uzito unatokana na unene wa shaba. Kebo ya ampea 32 kwa kawaida hubeba nyaya za milimita 6 za mraba, ya ampea 16 za milimita 2.5, na tofauti utaisikia mkononi. Kwa matumizi yako ampea 16 zinatosha sana. Chukua ya mita 5, usichukue ya 10. Bora zaidi ni chaja ya ukutani yenye kebo yake, ikae usawa wa kiuno, ndoano karibu na tundu la gari. Hutainama wala kufungua buti.

Kama betri ni ya LFP (lithiamu yenye chuma na fosfeti), ijaze hadi 100 kwa ratiba ya kitabu cha gari, mara nyingi kila wiki, kwa sababu volti zake hazibadiliki sana na kompyuta hupoteza hesabu ya asilimia. Za aina ya nikeli zinatosheka na 80.

SWALI: Miaka 58. Kazi yangu ni kilomita 190 za barabara kuu kwenda na 190 kurudi siku hiyo hiyo. Gari limeandikwa kilomita 480, mimi sizidishi 300. Nimeibiwa?

JIBU: Hapana. Namba hiyo ni ya WLTP, kipimo rasmi cha maabara, ambacho wastani wake ni kilomita 46.5 kwa saa katika nyuzi 23. Wewe unakwenda 120, na ukinzani wa hewa hupanda kwa mraba wa mwendo. Upepo wa mbele wa kilomita 30 ukienda 100 ni sawa na hewa ya 130.

Kwa betri ya kWh 70 na ulaji wa 23, kilomita 380 zinahitaji kWh 87, na 7 za akiba. Unapungukiwa na 24. Kama mwenyeji wako ana chaja ya kilowati 7.4, saa 3 za mkutano zitaingiza kama 20. Shuka hadi kilomita 110 kwa saa, ulaji 20, na upungufu unabaki kWh 13. Unachelewa dakika 9 kila upande, nafuu kuliko kusimama kwenye chaja ya kasi.

Kama kuna mlima, kupanda mita 1,000 na gari la tani 2 kunaongeza kama kWh 6, na kushuka kunarudisha zaidi ya nusu. Ila nyumbani pakiwa kileleni, usijaze hadi 100: betri iliyojaa haina pa kupokea umeme wa mteremko, na utashuka kwa breki za kawaida.